Ngome ya Loarre, Hispania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Loarre ni nini, na iko wapi?

Loarre ni ngome ya karne ya 11 iliyoko kaskazini mwa Hispania, katika mkoa wa Huesca, eneo la Aragón. Imesimama juu ya mwamba wa mawe ya chokaa, kwenye kimo cha takribani mita 1,070 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo vilima vinavyotangulia milima ya Pirenei vinakatika na uwanda wa Huesca unaanza. Kijiji chenye jina hilohilo kiko chini yake, mteremkoni.

Kuiita ngome si kosa, lakini jina hilo peke yake halitoshi. Ndani ya kuta zake mliishi askari wa mpakani, mlikuwa na makazi ya mfalme, na kwa muda mfupi mlikaa jumuiya ya watu wa dini waliojengewa mojawapo ya makanisa mazuri kuliko yote ya wakati wake nchini humo. Mtu anayeiangalia kwa jicho la vita peke yake hataelewa kwa nini nguvu kubwa namna ile ilitumika kwenye kuba na nakshi za nguzo.

Nani aliijenga, na lini?

Ilijengwa kwa awamu mbili kubwa, na kila awamu ina mfalme wake. Ya kwanza ni ya Sancho wa Tatu wa Pamplona, aliyetawala kuanzia mwaka 1004 hadi 1035, na ambaye historia humwita Sancho Mkuu. Kazi yake hapa huwekwa kwenye miaka ya 1020 na ya mwanzoni mwa 1030. Ya pili ni ya mjukuu wake Sancho Ramírez, mfalme wa Aragón kuanzia mwaka 1063 hadi 1094, ambaye kuanzia miaka ya 1070 aliipanua sana ngome ya babu yake na kuongeza kanisa kubwa la San Pedro.

Ukuta mrefu wa nje wenye minara ya duara ni wa baadaye, na wengi huuweka katika karne ya 13. Namna ya kuzitambua awamu hizo kwa macho imeelezwa katika sehemu ya usanifu.

Kwa nini palichaguliwa mahali pale?

Kwa sababu palikuwa mpaka, na kutoka juu ya mwamba uwanda wote wa Huesca unaonekana. Mwanzoni mwa karne ya 11 milima ilikuwa mikononi mwa Wakristo, na mashamba mazuri ya chini yalikuwa chini ya watawala Waislamu. Mji wa Bolea, uliokuwa na ngome yake ya Kiislamu, uko kilomita chache tu kutoka Loarre, na mji wa Huesca, uliojulikana kwa Kiarabu kama Wasqa, uko mashariki zaidi katika uwanda huohuo. Mlinzi aliyekuwa juu ya mnara aliweza kuona msafara au kikosi kikija muda mrefu kabla hakijafika.

Mwamba wenyewe ulikuwa nusu ya ulinzi. Katika zama zile njia mojawapo ya kuangusha ngome ilikuwa kuchimba handaki chini ya ukuta ili ukuta ubomoke. Loarre haikuweza kuchimbwa, kwa kuwa kuta zake zimekaa moja kwa moja juu ya jiwe gumu, na katika sehemu kadhaa ni vigumu kusema mwamba unaishia wapi na kazi ya mwashi inaanzia wapi, hasa kwa kuwa rangi ni ileile.

Je, ilijengwa na Waislamu, kama majumba mengine maarufu ya Hispania?

Hapana. Swali hili hutokana na umaarufu wa Alhambra ya Granada na majumba mengine ya kusini. Loarre ilijengwa na wafalme Wakristo ili kuukabili utawala wa Waislamu, na mtindo wake ni ule unaoitwa Kiromaneski: kuta nene, matao ya nusu duara, madirisha madogo na nguzo zenye vichwa vilivyochongwa.

Hata hivyo mpaka haukuwa ukuta wa kutenganisha ufundi. Madirisha pacha ya Mnara wa Malkia, yenye kiguzo katikati, hukumbusha ujenzi wa Wakristo waliokuwa wamelelewa ndani ya ustaarabu wa Kiarabu. Na wakati Loarre ikipanuliwa, mjini Zaragoza mtawala al-Muqtadir alikuwa akijenga jumba la Aljafería, lenye matao yaliyofumana na bustani katikati. Ni majengo mawili ya nusu moja ya karne, ya watu waliopigana, waliotozana kodi na waliojuana vizuri.

## Historia

Hali ya siasa ilikuwaje wakati huo? Na "falme za taifa" ni nini?

Ukhalifa wa Córdoba, uliotawala sehemu kubwa ya rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, ulianza kusambaratika baada ya kifo cha waziri wake mwenye nguvu, al-Mansur, mwaka 1002, na ukafutwa rasmi mwaka 1031. Mahali pake pakazuka milki ndogo ndogo za Kiislamu, kila moja na mji wake mkuu. Huesca na Bolea zilikuwa chini ya milki ya Zaragoza.

Milki hizo huitwa katika vitabu vya Kihispania "taifa", na msomaji wa Kiswahili asishangae, kwani ni neno letu hilihili. Asili yake ni Kiarabu, ta'ifa, yaani kundi au kikundi cha watu. Kiswahili kimelichukua na kulipa maana ya watu wa nchi moja. Kihispania kimelichukua na kulibakiza kwa zile milki zilizomegeka. Kwa hiyo "mfalme wa taifa" katika historia ya Hispania ni mtawala wa kipande, na wala si mtawala wa nchi nzima.

Ni vyema pia kuacha picha ya Wakristo wote upande mmoja na Waislamu wote upande wa pili. Ramiro wa Kwanza wa Aragón, baba yake Sancho Ramírez, aliuawa mwaka 1063 alipoushambulia mji wa Graus, na waliosaidia kuulinda mji huo, uliokuwa wa milki ya Zaragoza, ni askari wa ufalme wa Castilla, Wakristo wenzake.

Kilitokea nini baada ya kifo cha Sancho wa Tatu?

Mwaka 1035 milki yake iligawanywa kwa wanawe. García alipata Pamplona, Fernando akawa na Castilla, Ramiro akapata Aragón, naye Gonzalo akapewa Sobrarbe na Ribagorza, pamoja na ngome ya Loarre. Gonzalo aliuawa katika miaka ya 1040, na nchi zake zikachukuliwa na Ramiro. Hapo ndipo Loarre ilipoingia moja kwa moja katika ufalme mchanga wa Aragón, ambao wakati huo ulikuwa mabonde machache ya milimani yenye kutamani uwanda.

Kwa nini mfalme aliweka watu wa dini ndani ya ngome ya kivita?

Jibu liko Roma. Sancho Ramírez alirithi ufalme mdogo uliobanwa na majirani wenye nguvu, na mwaka 1068 alisafiri hadi Roma akajiweka chini ya ulinzi wa Papa. Mwaka 1071 ibada ya Kiroma ilianza kutumika katika monasteri ya San Juan de la Peña, badala ya ibada ya kale ya Kihispania, na mwaka huohuo Papa Alexander wa Pili alitoa hati ya kuiweka chini ya himaya yake jumuiya ya Loarre. Jumuiya hiyo ilikuwa ya makasisi walioishi pamoja kwa kufuata kanuni ya Mtakatifu Augustino.

Kwa hatua hiyo mfalme alipata mambo mawili. Ngome iliyotazama nchi ya adui ikawa pia mahali patakatifu penye himaya ya Papa, hivyo Mkristo jirani ambaye angefikiria kuishambulia alipaswa kufikiri mara mbili. Tena, makasisi walikuja na mapato, maandishi na mafundi. Kwa maoni yetu hilo la mwisho ndilo lililoacha alama ya kudumu, maana bila wao kanisa la San Pedro lisingekuwa na sura iliyo nayo.

Kwa nini ngome muhimu hivyo ilisahaulika haraka?

Kwa sababu mpaka uliondoka. Katika miaka ya 1080 Sancho Ramírez alianzisha ngome nyingine, Montearagón, karibu kabisa na mji wa Huesca, na makasisi wa Loarre pamoja na mapato yao wakahamishiwa huko. Mfalme mwenyewe alikufa mwaka 1094 akiwa ameizingira Huesca. Mwanawe Pedro wa Kwanza aliutwaa mji huo mwaka 1096, baada ya vita vya Alcoraz, kisha Bolea mwaka 1101.

Kuanzia hapo Loarre ilikuwa ndani ya nchi, ikitazama mashamba yasiyokuwa na adui. Miaka isiyofika 80 ilitosha kuianzisha, kuipamba na kuiacha. Bahati ya mtazamaji wa leo imetokana na kuachwa huko. Ngome zilizobaki kwenye mpaka au ndani ya miji ziliendelea kubomolewa na kujengwa upya kadiri silaha na ladha zilivyobadilika, ilhali Loarre ilibaki karibu kama karne ya 11 ilivyoiacha.

Je, iliwahi kupiganiwa baadaye?

Ndiyo, na tukio linalojulikana zaidi ni la mwanzoni mwa karne ya 15. Mfalme Martín wa Aragón alifariki mwaka 1410 bila mrithi halali, na mwaka 1412 wajumbe waliokutana Caspe walimchagua Fernando, mwanamfalme wa Castilla. Jaime, kabaila wa Urgell, hakukubali, akaasi mwaka 1413. Miongoni mwa waliomuunga mkono alikuwa Antón de Luna, ambaye ukoo wake ulikuwa umeshika Loarre, na ambaye miaka miwili nyuma alihusika na mauaji ya askofu mkuu wa Zaragoza.

Aliyeongoza ulinzi wa ngome alikuwa mwanamke: Violante de Luna, mkuu wa monasteri ya Trasobares na jamaa ya Antón. Jaime alishindwa mjini Balaguer mwaka huohuo wa 1413, na Loarre nayo ikaangukia mikononi mwa watu wa mfalme. Baada ya hapo watu waliokuwa wakiishi karibu na kuta walihamia taratibu chini, kilipo kijiji cha leo.

## Usanifu

Mgeni anaingiaje, na nini kiko wapi?

Baada ya kuuvuka ukuta wa nje na uwanja wenye mteremko, mgeni hukutana na ukuta mrefu wa kanisa, na chini yake mlango mkuu wa ngome. Juu ya mlango huo kulikuwa na mchongo wa Kristo akiwa katika utukufu. Nusu ya juu ya mchongo imepotea, lakini sehemu iliyobaki inaonyesha wazi ukubwa wa kazi.

Mlango unafungua kwenye ngazi pana ya mawe iliyofunikwa na dari ya tao, inayopanda gizani chini ya kanisa lenyewe. Upande mmoja wa ngazi kuna chumba cha walinzi, na upande mwingine kanisa dogo la chini la Santa Quiteria. Juu kabisa mtu anatokea kwenye mwanga, mlango wa kanisa la San Pedro ukiwa kando yake, na mbele yake majengo ya zamani zaidi: uwanja wa ndani, kanisa dogo la kifalme la Santa María, Mnara wa Malkia na mnara mkuu.

Ngazi hiyo inastahili kupandwa polepole. Mjenzi alilazimika kuingiza kanisa, lango na njia mahali ambapo mwamba haukumwachia nafasi, akaamua kuviweka kimoja juu ya kingine. Dhiki ya nafasi ikazaa mlango wa kifalme.

Kwa nini kuba ya kanisa la San Pedro husifiwa sana?

Kwa sababu makanisa ya Kiromaneski yenye kuba ya kweli, tena kubwa, ni machache, na hii imewekwa juu ya jabali. Inasimama takribani mita 26 kutoka sakafuni.

Tatizo la kuba ni la hesabu. Chumba kina pembe nne, ilhali kuba ni duara, kwa hiyo pembe zinahitaji kuzibwa ili duara lipate pa kukaa. Njia ya kawaida ni kujenga kitao kimoja kwenye kila pembe, kikikata kona na kuugeuza mraba kuwa umbo la pande nane. Mafundi wa Loarre walitumia safu mbili za vitao hivyo, moja juu ya nyingine, na mwanga unaingia kupitia madirisha ya duara. Mtu anayetazama juu anaona mraba ukilainika hatua kwa hatua hadi kuwa duara kamili.

Kanisa ni fupi kuliko urefu wake wa kwenda juu unavyoahidi, na upande wake wa magharibi haukunyooka. Halikupimwa vibaya, lilijipinda kufuata mwamba na majengo yaliyolitangulia. Ukumbi wa madhabahu una safu ya matao yanayobebwa na nguzo zenye vichwa vilivyochongwa majani, wanyama na watu. Mkanda wa vijiwe vya mraba, vilivyopangwa kama ubao wa sataranji, hupita ndani na nje. Ni nakshi inayofungamanishwa na kanisa kuu la Jaca, mji mkuu wa kwanza wa Aragón.

Kanisa la Santa Quiteria lililo chini lilikuwa na kazi gani?

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kiufundi. Mteremko wa mwamba uliacha pengo chini ya madhabahu ya kanisa la juu, na chumba hiki cha nusu duara ndicho kinacholibeba. Kisha kikawa mahali pa ibada kwa heshima ya Santa Quiteria, ambaye waumini wa Hispania humwomba hasa dhidi ya kichaa cha mbwa. Vingazi viwili vyembamba hukiunganisha na kanisa la juu.

Mnara mkuu na Mnara wa Malkia vinatofautianaje?

Yote miwili ni ya awamu ya kwanza. Mnara mkuu, wenye kimo cha takribani mita 22 na ngazi kadhaa za sakafu, hapo mwanzo ulisimama peke yake, na aliyetaka kuuingia alivuka daraja la mbao. Adui akifika ndani, walinzi waliondoa daraja na kubaki juu. Ulikuwa kimbilio la mwisho.

Mnara wa Malkia ni mdogo na una sura ya upole kutokana na madirisha pacha yaliyotajwa katika swali kuhusu Waislamu.

Nitatambuaje kazi ya Sancho wa Tatu na ile ya Sancho Ramírez?

Tazama mawe. Ya awamu ya kwanza ni madogo, yamegongwa kwa nyundo bila kulainishwa sana, na yamepangwa kwa safu zisizo sawa kabisa. Ya awamu ya pili ni makubwa, yamechongwa pande zote na kukaa kwa safu zilizonyooka, na viungo vyake ni vyembamba. Ukishaona tofauti hiyo mara moja kwenye ukuta mmoja, utaiona kila mahali.

Maji yalitoka wapi?

Mvua ilikusanywa katika birika lililowekwa ndani ya ngome. Kihispania huliita birika la namna hiyo "aljibe", kutoka Kiarabu al-jubb, yaani kisima. Ngome iliyo juu ya jabali iliweza kukosa mengi, lakini isingevumilia kuzingirwa bila akiba ya maji.

Kwa nini minara ya ukuta wa nje iko wazi upande wa nyuma?

Ni makusudi. Minara hiyo ya duara inatoka mbele ya ukuta ili wapiga mishale wawapige maadui kutoka ubavuni. Upande wa ndani uliachwa wazi ili adui akiuteka mnara mmoja asipate pa kujificha dhidi ya walinzi walioko juu. Ukuta huo ulikinga pia nyumba za watu na kanisa lao.

## Maswali mengineyo

Tuiite ngome au kasri?

Kwa Loarre, neno ngome linafaa zaidi, kwa kuwa kasri kwetu ni nyumba ya mfalme hata isipokuwa na ulinzi. Lakini maneno yenyewe yana udugu. Kasri ni qasr ya Kiarabu, na qasr hiyohiyo ikiwa na al- mbele yake ndiyo iliyozaa alcázar ya Kihispania, kama katika Alcázar ya Segovia. Wataalamu wa lugha huirudisha qasr kwenye castrum ya Kilatini, yaani kambi ya jeshi, na huko ndiko lilikotoka pia castillo, neno la Kihispania kwa ngome.

Kwa nini haifanani kabisa na Fort Jesus ya Mombasa?

Swali hili huulizwa na wasomaji wa pwani, na ni zuri, kwani Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, wakati Ureno na Hispania zilipokuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Kati ya majengo haya mawili kuna zaidi ya karne tano, na katikati yake ikaja mizinga.

Loarre ilijengwa kukabili mishale, ngazi na njaa, hivyo urefu ulikuwa faida. Mbele ya mzinga mnara mrefu ni shabaha. Kwa hiyo mchoraji wa Fort Jesus, Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, alifuata kanuni za wakati wake: kuta za chini na nene, zenye pembe zinazochomoza ili mizinga ya ngome ilinde kila upande.

Je, ni kweli kwamba Don Julián alizikwa Loarre?

Hiyo ni hekaya. Don Julián ni yule kabaila anayesimuliwa kuwa aliwafungulia Waislamu njia ya kuingia Hispania mwaka 711, na masimulizi ya huku yanasema alifungwa na kuzikwa hapa. Ngome tunayoiona ilijengwa miaka 300 baada ya wakati wake.

Nimeiona kwenye filamu. Je, ni yenyewe?

Inawezekana. Sehemu za filamu moja ya mwaka 2005 kuhusu Vita vya Msalaba zilipigwa hapa, ngome ikiwakilisha mahali pengine.

Kiasi gani cha jengo ni cha asili?

Kuta, minara, makanisa na kuba, kwa sehemu kubwa, ni za asili. Sakafu za mbao na mapaa mengi yalipotea, ndiyo maana vyumba vingi vya ndani leo viko wazi chini ya anga. Ngome ilitangazwa turathi ya kitaifa mwaka 1906, na katika karne ya 20 ilifanyiwa ukarabati zaidi ya mara moja. Anayetaka kutenganisha jiwe jipya na la kale aanze na maelezo ya awamu mbili yaliyotolewa hapo juu, kisha atafute jiwe ambalo kingo zake bado ni kali na ambalo jua na barafu havijalipa ile rangi ya kahawia ya mwamba.